Kuchora majengo ya kale kwa rangi za maji: anza na kivuli, matofali yatafuata

Wengi tukianza kuchora jengo la zamani tunafanya kitu kilekile. Mtu anakaa mbele ya jengo, anaona madirisha arobaini, anaona nakshi za mlango na vigae vya paa, basi anaanza kuchora kimoja kimoja kuanzia kushoto, na baada ya saa tatu ana karatasi iliyojaa mistari lakini jengo halisimami, limelala pale kama ramani. Na mi nilipita hukohuko kwa muda mrefu tu. Kinachosimamisha jengo ni kivuli, yaani ukuta huu unapigwa jua, ule wa pili hauna jua, na pale kwenye kona zinapokutana hizo kuta mbili ndo jengo lenyewe lilipo. Ukipapata hapo, hata ukiacha nusu ya madirisha, mtu anayelijua lile jengo akiona picha atalitambua kabla hujamwambia.

Kwahiyo huu mwongozo unafuata kivuli toka mwanzo mpaka mwisho, hata nikiongelea penseli jua kwamba tunakitengenezea kivuli njia.

Vifaa, na karatasi ndo usibanie

Karatasi ya printa ina gramu 80 kwa mita ya mraba, ukiimwagia maji inakunjamana palepale na rangi inakimbilia kwenye mabonde. Tafuta ya gramu 300, na kama unaweza iwe ya pamba asilimia mia, kwa sababu pamba inavumilia, unaweza kupitisha tabaka la pili juu ya la kwanza bila la chini kuchomoka, na ukikosea unaweza kulowesha na kunyanyua rangi kwa tishu. Karatasi za massa ya mti zinauma rangi haraka, afu zinaacha mistari pale ambapo hukutaka mistari, mtu anadhani hana kipaji kumbe ni karatasi. Upande wa uso ziko aina tatu, laini kabisa, yenye chembechembe za wastani, na ile ya kukwaruza sana. Kwa majengo mi nasema chukua ya wastani, inatosha kushika mstari ulionyooka na bado inakupa ule ukuta wa kuchakaa bila kuhangaika.

Saizi usiende kubwa. Mwaka 1495 hivi mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer aliuchora mji wa Innsbruck, Austria, kwa rangi za maji akiwa ng'ambo ya mto, minara yote na kuta zote na kivuli chake majini, na ile picha ni ndogo kuliko A5, yaani nusu ya A4. A4 inakutosha kabisa, A5 nayo sio aibu.

Brashi tatu: ya duara kubwa namba 10 au 12 yenye ncha inayorudi, ya duara namba 6, na bapa ya upana wa sentimita mbili na nusu hivi. Makopo mawili ya maji, moja la kusuuzia na jingine liwe safi muda wote. Tishu, penseli ya HB au 2B, kifutio laini, ubao wa kubandikia karatasi, na ile tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi.

Rangi sasa. Usinunue boksi la rangi 48. Geuza tyubu usome kodi (zile herufi na namba za kutambulisha rangi) iliyoandikwa kwa herufi ndogo, maana majina yanabadilika kwa kila kiwanda ila kodi inakwambia humo ndani kuna nini. Unahitaji PB29 ambayo ni bluu ya ultramarini, PBr7 ile kahawia nyekundu ya siena iliyochomwa, PY43 ambayo ni njano ya udongo, PV19 ya waridi kwa ajili ya kuchangamsha mambo, na njano moja kali kidogo ya kuchanganya kijani cha miti. Hizo tano zinatosha kujenga mji mzima. Rangi nyeusi achana nayo. PB29 na PBr7 ukizichanganya nzito zinatoa weusi mzuri kuliko wa tyubu, ukizidisha bluu unapata kivuli cha baridi, ukizidisha kahawia unapata kivuli cha joto, na huo mchanganyiko mmoja ndo utakaoutumia kuliko vyote. (Hiyo ultramarini zamani ilikuwa inasagwa kutoka kwenye jiwe la lapisi lililochimbwa Afghanistan, ilikuwa ghali kupindukia, mpaka miaka ya 1820 walipogundua namna ya kuitengeneza kiwandani. Leo ni kati ya bluu za bei nafuu, tuitumie kwa shukrani.)

Kitu kimoja cha kukwepa: nyekundu yenye kodi PR83, inapauka kwenye mwanga. Unachora jengo ili libaki, rangi isikukimbie ukutani.

Hatua ya kwanza: chagua saa kabla hujachagua pembe

Nenda pale mara mbili bila brashi. Asubuhi saa mbili tatu, na jioni kuanzia saa kumi. Saa sita mchana jua likiwa utosini kuta zote zinafanana na jengo linakuwa bapa, hata jengo zuri vipi. Unachotafuta ni ile saa ambayo upande mmoja unawaka na mwingine umezama, na vivuli vya mapaa na vya vibaraza vinashuka mshazari ukutani. Mchoraji Mfaransa Monet alichora uso wa kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, zaidi ya mara thelathini kati ya 1892 na 1894, jengo lilelile, kwa rangi za mafuta sio za maji lakini somo ni moja, kila mwanga ulimpa picha nyingine.

Ukipata saa yako, simama mahali unapoona kuta mbili, moja ya jua moja ya kivuli, na jaribu ile ya jua ichukue sehemu kubwa kuliko ya kivuli au kinyume chake, nusu kwa nusu inachosha macho. Kama jengo lina walinzi au ni la serikali, omba ruhusa kwanza na waeleze unachofanya, watu wengi wanafurahi kuona jengo lao linachorwa na mara nyingi utapata na historia yake bure.

Hatua ya pili: kijipicha cha dakika tano

Hii watu wanairuka na ndo inayookoa kazi. Chora kiboksi cha ukubwa wa kiganja, ndani yake weka jengo kwa viwango vitatu tu: cheupe yaani karatasi yenyewe, cha kati, na cheusi. Usichore dirisha hata moja. Zungusha vivuli vyote viungane viwe umbo moja, kivuli cha paa kinashuka kinaungana na ukuta wa pembeni, ukuta unaungana na kivuli cha ardhini, ardhini kinaungana na mti. Ukifinya macho ukaangalia jengo utaona kweli vimeungana. Kama hicho kijipicha hakieleweki, picha kubwa haitaeleweka pia, hama sehemu.

Jua linasogea nyuzi 15 kila saa, kwahiyo andika pembeni saa uliyochora kijipicha na uamue kwamba hicho ndo kivuli chako mpaka mwisho. Baada ya saa moja na nusu ukutani kutakuwa na kivuli kingine, kizuri pengine, usikifuate.

Hatua ya tatu: penseli

Weka mstari wa macho kwanza. Huo ni usawa wa macho yako, ukikaa unashuka, ukisimama unapanda, na kila mstari wa jengo unaokwenda mbali nawe ulio juu ya macho utashuka kuufuata na ulio chini utapanda kuufuata. Namna rahisi ya kuuona ni kuangalia watu: kama umesimama kwenye ardhi iliyo sawa, vichwa vya watu wazima waliosimama viko karibu wote kwenye mstari huo, wa karibu na wa mbali, kinachopanda na kushuka ni miguu tu.

Vipimo sasa. Nyoosha mkono, kiwiko kikaze, funga jicho moja, pima kwa penseli. Tumia mtu aliyesimama mlangoni kama rula na sio mlango wenyewe, kwa sababu majengo ya zamani yana milango ya mita tatu nne na ukiuchukulia kama mlango wa chumbani jengo lote linakuwa kibanda. Hesabu, jengo hili ni watu wangapi kwenda juu, watu wangapi kwenda pembeni. Kutafuta katikati ya ukuta unaokwenda mbali usikadirie kwa jicho, piga mistari miwili ya mshazari kona kwa kona, inapokatana ndo katikati ya kweli, na kilele cha paa au mlango mkuu mara nyingi unakaa hapo.

Matao yanasumbua, ila siri yake ni unene. Tao la kwenye ukuta mnene linaonyesha upande wake wa ndani mmoja tu, ule ulio mbali na wewe. Ukichora ule ubavu wa ndani kwa mstari mmoja wa pili uliopinda, tao linapata kina papo hapo. Kuba na minara ya duara nayo ina mistari ya duara iliyobanwa, karibu na usawa wa macho imenyooka, kadiri unavyopanda juu inazidi kupinda.

Hapa niseme jambo. Nimesema matofali yatafuata, na huna haja ya kuyahesabu, lakini matao yahesabu, nguzo zihesabu, ghorofa na madirisha ya kila ghorofa yahesabu. Kuna nyumba ya ghorofa mbili nilichora zamani, ina baraza refu la matao juu, nikakisia matao matano kwa kuwa matano yalikaa vizuri kwenye karatasi. Ikaja kubomolewa. Mjukuu wa waliokaa mle akaja kuangalia picha yangu, akakaa nayo kimya, afu akaniuliza, yale yalikuwa sita au matano? Bibi anasema sita. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo naandika idadi kwenye daftari kabla sijagusa karatasi, na kama nimeamua kuacha kitu kimoja nje ya picha naandika pia.

Ukichora kutoka kwenye picha ya simu, angalia kuta zinazoinama kama zinataka kuanguka nyuma, hiyo ni kwa sababu simu iliinuliwa na lenzi ni pana. Rudi nyuma uwezavyo, shika simu wima, vuta kwa zumu. Na kwenye karatasi nguzo na kona ziwe wima kabisa.

Mwisho wa penseli, chora mipaka ya vivuli kwa mstari hafifu. Vyote. Vivuli vya mapaa, vya fremu za madirisha, cha ardhini.

Hatua ya nne: tabaka la kwanza, la jua

Bandika karatasi, weka kitabu chini ya ubao uinuke nyuzi 15 mpaka 20 hivi. Lowesha anga kwa maji masafi, ishia ukingoni mwa paa, afu dondosha ultramarini juu na iache ishuke ikififia. Iache, usiirudie.

Ukuta: njano ya udongo nyepesi sana, ipitishe kwenye jengo zima, ukuta wa jua na wa kivuli kwa pamoja, huku ukiacha vipande vya karatasi vikiwa vikavu kabisa pale jua linapopiga kingo za madirisha, ngazi, na ukingo wa kona. Huo weupe ukiupoteza haurudi tena kirahisi. Kabla haijakauka dondosha siena chini ya ukuta karibu na ardhi na iache ipande yenyewe. Hii sio pambo. Kuta za zamani zinanyonya unyevu kutoka ardhini na mvua inazirukia matope, kwahiyo zinachafuka kuanzia chini, na juu zinachafuka chini ya mifereji na chini ya vizingiti vya madirisha ambapo maji yanachuruzika miaka na miaka. Weka doa la kijivu kijani hapo, refu na jembamba, moja mawili. Ukijua maji yalipita wapi utajua uchakavu uuweke wapi na jengo litaonekana limeishi.

Sasa subiri. Gusa karatasi kwa mgongo wa mkono, kama ina ubaridi bado ina maji ndani hata kama haing'ai. Niliwahi kuharibu mnara wa saa niliouchora siku nzima kwa kugusa ukuta ambao haujakauka vizuri kwa brashi yenye maji mengi, maji yakasukuma rangi ikachanua katikati ya mnara, na doa la namna hiyo likikauka halitoki. Ni dakika kumi tu za kusubiri zingeuokoa.

Hatua ya tano: kivuli, kwa mkupuo mmoja

Hapa ndo kazi yote. Changanya ultramarini na siena na tone la waridi, na changanya nyingi, mara mbili ya unayodhani itatosha, maana ikikuishia katikati ya ukuta unabaki na mstari. Iwe nzito kuliko unavyoona inafaa, rangi ya maji ikikauka inapauka. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi, isubiri ikauke uione.

Chukua brashi namba 12, ijaze mpaka ishibe, anza juu kabisa chini ya paa. Ukivuta brashi kwenda pembeni kwenye ubao ulioinama utaona rangi imejikusanya chini ya mpigo wako, mchirizi mnene unaong'aa kama ukingo wa tone linalotaka kudondoka lakini halidondoki. Huo mchirizi ndo unaoufuata. Mpigo unaofuata uguse mchirizi kidogo tu, nao unashuka, unaulisha rangi, unashuka tena, na ukuta unajipaka nyuma yako laini bila alama ya brashi. Ukichelewa mchirizi unakauka na unaacha mstari, ukiubonyeza na brashi kavu unanyonywa na kuacha baka jeupe. Pita juu ya madirisha, pita juu ya mlango, usisimame kwa ajili ya kitu chochote kilicho ndani ya kivuli, ungana na kivuli cha ardhini moja kwa moja. Ukifika chini kabisa kausha brashi kwa tishu na unyonye kile kilichobaki.

Wakati bado kimelowa, angalia kivuli halisi tena. Sehemu ya juu chini ya anga ni ya bluu zaidi, lakini chini ya vibaraza na chini ya paa linalotokeza kuna joto, kwa sababu jua linapiga ardhi na ardhi inarudisha mwanga juu. Dondosha siena safi hapo, tone tu, uiache itambae. Kivuli kikipata huo mwanga wa kurudi kinaacha kuwa baka la kijivu, kinakuwa na hewa ndani.

Vivuli vidogo vya upande wa jua, yaani fremu na vizingiti, vipige kwa brashi namba 6 kwa rangi ileile. Vyote viiname kwa mshazari mmoja. Kimoja kikienda upande tofauti jicho la mtu litasumbuka bila yeye kujua kwa nini.

Hatua ya sita: vitu vidogo

Vingi sasa huvihitaji. Chagua sehemu moja ambayo unataka macho yaende, labda mlango mkuu, hapo ndo upeleke nakshi na weusi wako wa mwisho. Madirisha ya mbali na hapo yawe mapigo tu ya brashi bapa. Kioo cha dirisha juu kiwe cheusi zaidi kuliko chini, kwa kuwa kizingiti kinakitia kivuli. Vigae na matofali yaonyeshe mahali mwanga unapokutana na kivuli, vichache kwenye ukingo wa paa, vichache karibu na kona, jicho litajaza mengine. Lipu iliyobanduka ipige kwa brashi iliyolala, yenye rangi kidogo, umeifuta kwanza kwa tishu, ipite juu ya chembechembe za karatasi haraka.

Weka watu wawili watatu, vichwa kwenye mstari wa macho, miguu usiichore vizuri iachie ardhi. Bila mtu hakuna atakayejua jengo ni kubwa kiasi gani.

Hatua ya saba: nyuma ya karatasi

Mwaka 1940 vita vikiwa vimewaka, Uingereza ilianzisha mradi wa kuwalipa wachoraji wazunguke nchi wakichora kwa rangi za maji majengo na mandhari yaliyokuwa hatarini, na picha zaidi ya 1,500 zilipatikana. Zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Kamera zilikuwepo tayari, lakini waliona mchoraji anachagua cha kukumbukwa kwa namna ambayo kamera haifanyi.

Kwahiyo picha yako ikikauka igeuze, andika kwa penseli, sio kalamu ya wino inayopenya: jina la jengo na mtaa, tarehe, saa, ulikaa upande gani ukiangalia wapi, idadi ya ghorofa na matao na madirisha ya mbele, rangi halisi ya kuta kama umeibadilisha, na chochote ulichokiacha nje kama nguzo ya umeme au bango. Ukiiweka kwenye fremu, kioo kisiguse karatasi, weka kadi ya pembeni iache nafasi, na ining'inize ukuta ambao jua haliufikii. Na lile daftari lenye kijipicha na hesabu zako usilitupe, liweke pamoja na picha.